Kasi iliyofungwa kwenye gunia la daraja la pili

Minada ya korosho ikishapita na malipo yakishaingia benki, maduka ya vifaa vya umeme Newala na Masasi huchangamka. Zamani pesa ya msimu ilikwenda kwenye redio na baiskeli, ikaja zamu ya pikipiki, ikaja simu janja. Siku hizi lipo kundi dogo, la vijana hasa, ambalo pesa yake inaishia kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba: Dell OptiPlex au HP Compaq iliyowahi kukaa chini ya meza ya karani huko Ulaya, ikastaafishwa, ikapakiwa kwenye kontena, ikashukia Kariakoo, kisha ikapanda basi la kusini hadi Kitangari, wilayani Newala. Inafika na kibandiko cha Core i5 usoni. Inafungwa steshenari, au chumba cha mbele cha nyumba, na kazi inaanza: kuchapa barua, kujaza maombi ya ajira, kurusha nyimbo kwenye memori kadi na, kazi inayolipa kuliko zote hizo, kuhariri video za harusi na za unyago.

Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyoleta habari ya kuovakloki Kitangari. Video ya kumtoa mwali si ya dakika tano. Ngoma zote ziwemo, kila shangazi aonekane akitunza, na mwenye shughuli hataki kusikia habari ya kupunguza. Ikifika hatua ya kurenda, yaani kuigeuza kazi yote kuwa faili moja la video, prosesa hufanya kazi kwa asilimia 100 kwa saa kadhaa, na mwenye mashine hana la kufanya ila kutazama mstari ukijaa polepole huku mteja akipiga simu. Usiku akiingia YouTube anaona vijana wenzake wa ng'ambo wakipandisha prosesa ya gigahezi 3 hadi 4 na ushee bila kununua chochote. Kesho yake anauliza: "Kaka, hii yangu naifanyaje?"

Jibu langu linawaudhi. Dawa hiyo ilikuwepo, ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya watu wa kipato cha chini kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote. Wenye viwanda wakaifungia, wakijua wanachofanya. Anayeitafuta leo ndani ya OptiPlex anapekua kasha ambalo halina. Kasi anayoikosa ipo, tena nyingi, ila anaitafuta pasipo.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Mazabodi hutoa pigo la msingi, ambalo kwa mashine nyingi za Intel kuanzia 2011 ni megahezi 100, na prosesa hulizidisha kwa namba yake. Core i5-2400 huzidisha mara 31, ndiyo gigahezi 3.1 inayoandikwa kwenye tangazo. Kuovakloki ni kupandisha moja ya namba hizo mbili, na mara nyingi kuongeza volteji kidogo ili prosesa iweze kuhimili. Hakuna kipuri kipya. Ndiyo maana inaonekana ya bure.

Lakini kwa nini chipu iwe na akiba ya kasi ambayo mwenye kiwanda hakuiuza? Hapa mkulima wa korosho haambiwi mara mbili. Kiwanda hutengeneza chipu nyingi kwenye sahani moja ya silikoni, huzipima, kisha huzipanga madaraja kama korosho ghalani. Zinazohimili kasi kubwa zinaandikwa namba kubwa na kuuzwa ghali, dhaifu zinaandikwa namba ndogo. Sasa fikiria mwaka ambao shamba zima limezaa daraja la kwanza, ilhali wanunuzi wengi wana pesa ya daraja la pili. Korosho hupangwa kwa ubora wake na hapo mambo yanaishia. Chipu hupangwa pia kwa mfuko wa mnunuzi: kiwanda huchukua chipu nzuri, huipachika namba ndogo na kuitia kwenye gunia la bei nafuu, ili gunia la bei ghali lisishuke thamani. Kuovakloki kwa watu wasio na pesa kulizaliwa ndani ya gunia hilo.

Mfano wake unaokumbukwa zaidi ni wa Agosti 1998. Intel ilitoa Celeron 300A, ya megahezi 300, kwa dola 149 za Marekani. Wakati huohuo ikatoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Celeron ile ilizidisha pigo la megahezi 66 mara 4.5. Watu wakagundua kwamba ukiiweka kwenye mazabodi inayotoa pigo la megahezi 100, mara 4.5 ileile inakupa 450, na chipu nyingi zilikubali bila kulalamika. Akiba yake, yaani ile kumbukumbu ndogo ya ndani, ilikuwa pungufu kuliko ya Pentium, lakini ilikimbia kwa kasi kamili ya prosesa, kwa hiyo katika kazi nyingi tofauti ilikuwa haionekani. Dola 149 zikafanya kazi ya dola 669.

Miaka miwili baadaye AMD ilifunga kizidishi cha Athlon na Duron kwa kukata vijinjia vidogo vya umeme vilivyokuwa wazi juu ya chipu yenyewe. Dawa yake ilikuwa penseli ya kawaida ya shuleni. Risasi ya penseli ni grafaiti, grafaiti hupitisha umeme. Ukichora juu ya vijinjia vile, kufuli imefunguka. Sijapata kuona somo la fizikia lililo rahisi kuliko hilo, na lingeweza kufundishwa darasa lolote lenye dawati na penseli.

Kufunga kwa kweli kukaja baadaye. Mwaka 2010 Intel ilijaribu biashara ambayo hadi leo naisimulia watu wakidhani natania: ilitoa prosesa ya Pentium G6951 ambayo sehemu ya uwezo wake ilikuwa imezimwa, kisha ikauza kadi ya dola 50 yenye namba ya siri ya kuuwasha. Yaani silikoni umeshainunua, iko ndani ya nyumba yako, na bado unanunua ruhusa. Kelele zikawa nyingi, mpango ukafa mwaka uliofuata. Ila wazo lenyewe halikufa. Januari 2011 ukaja uzao wa Sandy Bridge, ambao pigo lake la msingi linaendesha karibu kila kitu, pamoja na njia za diski na kadi. Ukilipandisha kwa asilimia chache tu, mashine inayumba. Kizidishi nacho kikafungwa, isipokuwa kwa prosesa zenye herufi K mwishoni, ambazo bei yake iko juu, na zinazotaka mazabodi ya daraja maalumu ambayo nayo bei yake iko juu. Mwaka 2014 Intel iliadhimisha miaka 20 ya jina la Pentium kwa kutoa G3258 isiyofungwa, kwa dola 72, ikapendwa sana. Mwishoni mwa 2015 watengeneza mazabodi walipopata njia ya kupandisha pigo la msingi kwenye prosesa za Skylake zisizo na K, haukupita muda mrefu Intel ikaiziba kwa marekebisho ya programu ya ndani.

Haki ya mtu apewe: AMD, tangu ilipoanza kutoa Ryzen mwaka 2017, imeacha prosesa zake nyingi za mezani wazi, na mazabodi ya bei ya kati yanakubali kupandishwa. Lakini kompyuta za ofisini zinazotufikia kwa kontena nyingi ni Intel za miaka ya nyuma, zenye mazabodi ambayo baiosi yake haina hata ukurasa wa kupandisha kloki. Hata ukienda Kariakoo ukatafuta i7-2600K, ukaichomeka kwenye OptiPlex 790, kizidishi kitakaa palepale. Wale wa YouTube hawaelezi hilo kwa sababu hawana OptiPlex. Wana mazabodi ya michezo, pawa saplai ya wati 650 na maji ya kupozea yanayozunguka ndani ya bomba lenye taa. Kwao kuovakloki kwa bei nafuu ni kununua vitu ghali kisha kupata kidogo cha ziada. Hayo ni mapenzi, na mapenzi hayalaumiwi, ila yasiitwe ya bei nafuu.

Na tuseme mtu wa Kitangari amejaliwa, amepata mashine yenye K na mazabodi yake. Apige hesabu kwanza. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa mraba wa volteji. Chukua i5-2500K, gigahezi 3.3 za kiwandani. Kuipeleka 4.5 ni nyongeza ya asilimia 36. Ikiwa imebidi volteji itoke 1.2 iende 1.35 ili mashine isigande, joto na ulaji wa umeme vinapanda kwa takriban asilimia 73. Umepata theluthi moja na kidogo, umelipa karibu robo tatu.

Malipo hayo yanapitia mita ya umeme ya LUKU. Prosesa ya aina hiyo inaweza kula wati 70 za ziada. Ikirenda saa 8 kwa siku, ni zaidi ya nusu yuniti kila siku, kama yuniti 17 kwa mwezi. Mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 za mwezi, na 350 kwa kila yuniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Aliyekuwa anajibana asivuke 75 atazilipia zile 17 kwa bei ya juu, shilingi 5,950 kila mwezi, na akizoea kuvuka anahamishwa daraja, hapo hata yuniti za taa na redio zinapanda bei. Sijataja umeme unaoyumba jioni watu wote wakiwasha, wala ule unaokatika video ikiwa imefika asilimia 90. Prosesa iliyosukumwa hadi ukingoni haina uvumilivu na umeme wa namna hiyo. Na mbaya zaidi ni pale isipozima: inakosea hesabu moja kimyakimya, faili linaharibika, na bibi harusi anakosa picha ya dakika aliyokuwa akiisubiri.

Wapo watakaosema mashine ya mtumba haina waranti, kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Ni kweli haina waranti. Lakini mwenye waranti ndiye anayeweza kumudu kupoteza. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za mezani zilikuwa zinaharibika kwa kupewa volteji ya kupita kiasi, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Kiwanda chenyewe, katika mbio za kutafuta namba kubwa ya kuandika kwenye boksi, kiliwapa wateja mashine ambazo tayari zilikuwa zimekamuliwa. Mteja aliyenunua mpya alirudishiwa. Wa kontena angerudishiwa na nani?

Sasa nionyeshe kasi ilipo.

Fungua kasha la OptiPlex ambalo limekaa steshenari ya Kitangari msimu mmoja tu. Kitasa cha ubavuni kinavutwa, ubavu unatoka, hakuna bisibisi. Ndani utaona plastiki nyeusi inayoongoza upepo kutoka kwenye feni kwenda kwenye bamba la alumini la kupozea prosesa. Itoe hiyo plastiki. Kati ya feni na mapezi ya bamba utakuta utando wa vumbi umejishika barabara, mwekundu wa barabara ya udongo, na juu yake unga wa manjano. Huo unga ni salfa. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 8 hivi, wakulima wanapulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na mikorosho ya huku haiko mbali na nyumba; mingine inagusa paa. Pampu ikiwashwa asubuhi, wingu linapita dirishani bila hodi. Salfa na shaba haziivi chungu kimoja, na fedha inayotumika kwenye viunganishi vidogo vya umeme ndiyo kabisa: hugeuka nyeusi, mguso unaanza kusumbua, na fundi anahangaika na RAM ambayo haina kosa lolote zaidi ya meno machafu.

Ng'oa bamba lenyewe. Pesti iliyopakwa kiwandani zaidi ya miaka kumi iliyopita, ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, imekauka na inabanduka vipande. Prosesa iliyo chini ya hali hiyo, kwenye chumba cha bati, bondeni Kitangari ambako joto ni kali kuliko la Newala mjini juu ya uwanda, hukaribia nyuzi 100 dakika chache tu baada ya kuanza kurenda. Ikifika hapo inajilinda: inajipunguzia kasi. Hakuna ujumbe unaotokea kwenye skrini. Mwenye mashine anadhani ana gigahezi 3.1 zisizomtosha, kumbe hizo 3.1 hajawahi kuzipata. Anataka kuipandisha mashine juu ya kiwango chake wakati bado haijafika kwenye kiwango hicho.

Kinachohitajika ni brashi ya rangi iliyo safi na kavu, pampu ya baiskeli, spiriti na tyubu ndogo ya pesti. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Pesti ya zamani ifutwe mpaka chuma king'ae, mpya ipakwe kiasi cha punje moja ya mchele, bamba lirudi na skrubu zikazwe kwa kupishana, mshazari kwa mshazari, moja isikazwe mpaka mwisho kabla ya nyingine. Meno ya RAM yasuguliwe kwa kifutio. Wakati wa kupulizia mikorosho, shuka nyepesi ifunike kasha mashine ikiwa imezimwa, na ikiwa imewashwa shuka itolewe. Nimewaona wanaofanya kinyume. Anayetaka kupunguza joto zaidi mchana wa Novemba aingie kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, akishushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hapo anazima ile nyongeza ya ghafla ya kasi. Atapoteza kidogo kwenye namba, na mashine itaenda mwendo mmoja usioyumba mpaka kazi iishe.

Ya pili wengi hawaijui kabisa. Kila Intel ya Core yenye chipu ya picha ya ndani kuanzia uzao uleule wa Sandy Bridge wa 2011 ina sehemu ndogo iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kufinya video. Inaitwa Quick Sync. Kazi ambayo viini vinne vya prosesa vinaihangaikia kwa jasho, sehemu hiyo huifanya kwa haraka mara kadhaa na kwa umeme mdogo. Ubora wa picha wa zile za mwanzo uko chini kidogo ukikagua kwa makini, lakini kwa video itakayotazamwa kwenye runinga ya sebuleni au kutumwa kwa simu, hakuna shangazi atakayelalamika. Mara nyingi imelala kwa sababu fundi aliyepiga Windows hakuweka draiva ya picha, au mwenye mashine alinunua kadi dhaifu ya picha na baiosi ikazima ile ya ndani, au programu ya kuhariria iliyoibwa ni ya toleo lisiloitambua. Kuiamsha hakuongezi hata shilingi moja kwenye LUKU, na kwa kazi ya mtu wa video za harusi inampa zaidi ya kile ambacho wa YouTube anakipata kwa maji yake ya rangi.

Kuna mwalimu mmoja aliyenisikia nikisema haya akaniambia ninawavunja vijana moyo. Sikubaliani naye, maana natamani wafungue makasha zaidi kuliko wanavyofungua sasa. Shule zetu nyingi zenye chumba cha kompyuta zimegeuza mashine kuwa kitu cha kufunikwa kitambaa na kufungiwa mlango, na mwanafunzi anahitimu akijua kubonyeza bila kujua kilicho chini ya kidole chake. Kitangari ina chuo cha ualimu. Walimu watarajiwa wangepewa mashine chache zilizokwisha kufa, wazivunje na kuziunga, wapime joto kabla na baada ya kubadilisha pesti, wapige wenyewe hesabu ya mraba wa volteji, basi wangekwenda kwenye shule zao wakiwa na somo ambalo halihitaji bajeti mpya. Aliyewahi kufanya hivyo siku akikutana na mashine yenye K ataipandisha kwa akili, hatua ya megahezi 100 kwa 100, akijua ni wapi pa kusimama.

Wa mwisho ninaowadai ni wauzaji. Kibandiko cha i5 peke yake hakimwambii mnunuzi kitu. i5-2400 ina viini vinne na gigahezi 3.1. i5-2400S, herufi moja tu ya ziada, inaanzia 2.5, ili itoe joto dogo kwenye kasha jembamba. i5-3470T, ambayo kwa namba inaonekana mpya na kubwa kuliko zote mbili, ina viini viwili tu. Zote tatu zinapangwa rafu moja Kariakoo na kuandikwa "Core i5, RAM 8, HDD 500", na tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu katika kurenda si ndogo. Muuzaji aandike namba yote mpaka herufi ya mwisho, na mnunuzi aliyetoka Kitangari na pesa ya korosho asitoe hata senti kabla mashine haijawashwa mbele yake na namba hiyo kuonekana kwenye skrini.